Eugen Sandow: Mtunisha misuli aliyejua kuuza wasifu wake hadi kwa mfalme

Mwezi Machi mwaka 1911, miezi mitatu kabla ya kutawazwa rasmi, Mfalme George wa Tano wa Uingereza alimpa mtu mmoja cheo kisicho cha kawaida: profesa wa mfalme wa sayansi ya mazoezi ya mwili. Aliyepewa cheo hicho hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alikuwa mhamiaji kutoka Prussia, aliyewahi kuzunguka na watu wa sarakasi, na jina alilojulikana nalo dunia nzima halikuwa lile alilopewa na wazazi wake.

Jina hilo lilikuwa Eugen Sandow. Wanaopiga vyuma wanamjua kama baba wa utunishaji misuli. Sisi leo tunamtazama kwa upande mwingine, ule wa mtu anayetafuta kazi. Vijana wengi wanaoomba kazi ya ukufunzi wa mazoezi hukwama kwenye karatasi moja tu, CV. Mazoezi wanayajua, mwili wanao, lakini wakishika kalamu wanaandika shule waliyosoma, wanaongeza kwamba wanapenda michezo, wanabandika picha ya kifua, basi. Meneja wa jimu anapokea karatasi ishirini za namna hiyo na hawezi kuzitofautisha.

Sandow hakuwahi kuandika CV kama tunavyoijua. Ila kazi yake yote, tangu 1889 hadi alipofariki 1925, ilikuwa ni kumshawishi mtu asiyemfahamu amkabidhi mwili wake. Alifanya hivyo kwa ustadi mkubwa, na mahali pengine kwa uongo. Vyote viwili vina mafunzo.

Kijana aliyebadili jina

Alizaliwa tarehe 2 Aprili 1867 katika mji wa Königsberg, uliokuwa sehemu ya Prussia. Leo mji huo unaitwa Kaliningrad na uko Urusi. Wazazi wake walimwita Friedrich Wilhelm Müller. Katikati ya miaka ya 1880, akiwa bado kijana mbichi, aliondoka nyumbani. Wanahistoria wanaeleza kuwa alikuwa akikwepa kuandikishwa jeshini. Akajiunga na sarakasi, na akiwa huko ndipo jina Eugen Sandow lilipoanza kutumika.

Miaka kadhaa baadaye, alipokwisha kuwa maarufu, alisimulia maisha ya utotoni yaliyopendeza zaidi. Alisema alikuwa mtoto dhaifu, baba yake akampeleka Italia, na huko alipoziona sanamu za mashujaa wa kale akaamua kuujenga mwili wake ufanane nao. Alidai pia kuwa alisomea elimu ya viungo vya mwili mjini Brussels. Watafiti waliochunguza maisha yake wanatilia shaka hadithi hizo zote mbili. Ni hadithi nzuri, tunakubali. Mtoto dhaifu anayegeuka jabali inamvutia kila mteja, na ndiyo maana mpaka leo wakufunzi wengi huisimulia, wengine kwa haki kabisa kwa kuwa iliwatokea kweli. Tofauti yao na Sandow ni kwamba wao wana picha za zamani na watu waliowaona.

Brussels yenyewe si ya kubuni. Huko ndiko alikokutana na Ludwig Durlacher, Mjerumani aliyejiita Profesa Attila na aliyekuwa akiendesha ukumbi wa mazoezi. Wakati huo, watu wa nguvu waliokuwa wakifanya maonyesho jukwaani walijipa uprofesa bila kuulizwa na mtu, kama vile leo mtu anavyojiita kochi baada ya miezi sita jimu. Lakini Attila aliijua kazi yake. Alimfundisha Sandow kunyanyua vyuma vizito kwa mpangilio, na zaidi ya hapo alimfundisha kusimama mbele ya watu. Huyu ndiye mtu ambaye Sandow angemtaja kama mdhamini kwenye CV yake: mwalimu aliyemwona akikua, anayeweza kueleza alianzia wapi na akafika wapi. Wadhamini wa aina hiyo ni wachache, na mkufunzi anayeanza kazi anapaswa kumtafuta wake mapema badala ya kuandika jina la mjomba mwenye wadhifa serikalini.

Usiku wa Westminster

Mwaka 1889 jijini London kulikuwa na mtu wa nguvu aliyejiita Charles Sampson. Kila usiku alikata minyororo na kupinda vyuma katika ukumbi wa Royal Aquarium, eneo la Westminster, na alitangaza zawadi ya paundi 500 kwa yeyote atakayemshinda. Attila alijua kuwa sehemu ya nguvu za Sampson ilikuwa ujanja wa jukwaani. Akamwita Sandow kutoka Italia.

Kwanza Sandow alimshinda mwanafunzi wa Sampson, aliyejulikana kwa jina la Cyclops. Kisha tarehe 2 Novemba 1889, mbele ya ukumbi uliofurika, akamkabili Sampson mwenyewe. Aliingia amevaa suti ya usiku kama bwana anayekwenda kula chakula cha jioni, akavua, na watazamaji wakaona kilichokuwa chini ya nguo. Alifanya kila alichofanya Sampson, kisha akafanya ambacho Sampson hakukiweza. Kesho yake London nzima ilimjua.

Ushindi huo haukuwa wa nguvu peke yake. Sandow na Attila walikuwa wameisoma kazi waliyokuwa wanaiendea: walijua Sampson anafanya nini, kwa vifaa gani, kwa mpangilio upi. Mwombaji kazi wa leo ana nafasi hiyo hiyo anaposoma tangazo la kazi. Jimu inayotafuta mkufunzi wa akina mama waliojifungua karibuni haitafuti mtu yule yule anayetafutwa na timu ya raga. Kutuma CV moja kwa zote mbili ni kuingia ukumbini bila kujua mpinzani anakata mnyororo wa aina gani.

Kupimwa na mtu mwingine

Kwa miaka minne Sandow alifanya maonyesho katika kumbi za burudani za Uingereza. Mwaka 1893 alivuka bahari kwenda New York, kisha Chicago, mji uliokuwa umejaa wageni waliokuja kwenye maonyesho makubwa ya dunia. Huko alichukuliwa na kijana mmoja mfanyabiashara wa burudani, Florenz Ziegfeld, ambaye baadaye angekuwa jina kubwa Broadway. Ziegfeld alielewa kitu ambacho watu wa nguvu wengine hawakukielewa: watu hawakuja kuangalia chuma kikinyanyuliwa, walikuja kuuangalia mwili. Akawapunguzia watazamaji hadithi za uzito na kuwaongezea Sandow mwenyewe. Baada ya onyesho, matajiri waliotoa mchango kwa ajili ya hisani waliruhusiwa kuingia nyuma ya jukwaa na kushika misuli yake kwa mikono yao.

Tukio la mwaka huo tunaloliona kuwa na uzito zaidi halikuwa na tiketi. Sandow alikubali kupimwa na Dkt. Dudley Allen Sargent, mkuu wa mazoezi ya viungo katika Chuo Kikuu cha Harvard. Sargent alikuwa ameshapima miili ya maelfu ya wanafunzi na alikuwa na majedwali ya kulinganishia. Alimpima Sandow kwa utepe na kwa mashine, akajaribu nguvu zake, akatoa sifa kubwa. Kabla ya hapo, maneno yote kuhusu mwili wa Sandow yalitoka kwa Sandow au kwa mtu anayelipwa naye. Sasa yalitoka kwa mtu asiyekuwa na faida yoyote ya kumsifu.

Hii ndiyo kazi ya cheti kwenye CV. Cheti si pambo. Ni mtu wa nje anayesema: huyu tumempima. Ndiyo maana jina la chuo kilichotoa cheti lina maana kuliko urembo wa karatasi, na tarehe ina maana kuliko jina. Cheti cha huduma ya kwanza kilichokwisha muda wake hakimsaidii mteja atakayezimia kwenye mashine ya kukimbilia, na meneja mwangalifu huangalia mstari huo kabla ya mingine yote. Uandike wazi: kozi gani, ilitolewa na nani, lini, na inaisha lini.

Machi 1894 Sandow alisimama mbele ya kamera ya studio ya Thomas Edison huko West Orange, New Jersey, akakunja na kukunjua misuli yake kwa muda usiofika dakika moja. Filamu hiyo bado ipo, na ni miongoni mwa za mwanzo kabisa kutengenezwa Marekani. Mwaka huo huo alimwoa Blanche Brookes, binti wa mpiga picha wa Manchester. Mtu anaweza kucheka, lakini kweli Sandow alijua thamani ya picha kuliko mwenzake yeyote wa wakati huo.

Simba aliyefungwa mdomo

Miezi miwili baada ya filamu ya Edison, yalitokea mambo ya San Francisco. Ilitangazwa kwamba Sandow atapigana mieleka na simba. Watu walilipa, wakajaa. Simba aliletwa amefungwa mdomo na miguu yake imevishwa mifuko ili kucha zisikwaruze. Mnyama mwenyewe hakuonyesha hamu yoyote ya kupigana. Sandow alimsukuma, akambeba, na watazamaji wakaondoka wakinung'unika kwamba wameibiwa pesa zao.

Lakini ukisoma kitabu alichokitoa Sandow miaka mitatu baadaye, pambano hilo limeelezwa kama ushindi wa kutisha dhidi ya mfalme wa nyika. Magazeti ya San Francisco yalikuwa yamekwisha kuandika habari yake. Enzi hizo, gazeti la mji mmoja halikuwa rahisi kumfikia msomaji wa London. Sasa hivi meneja wa jimu anaandika jina lako kwenye simu yake na kila kitu kinatokea kabla hajamaliza chai. Ukidai umewafundisha wachezaji wa timu fulani ya ligi kuu, atapiga simu moja tu.

Hatusemi haya kwa kumdharau Sandow. Tunashangaa tu kwa nini alihitaji simba. Mwili wake ulikuwa wa kweli, vipimo vya Harvard vilikuwa vya kweli, ushindi wa Westminster ulikuwa wa kweli. Anayetia chumvi kwenye wasifu mara nyingi ni mtu ambaye hakuamini kuwa alichonacho kinatosha.

Mtaa wa St James's, nyumba namba 32

Mwaka 1897 maisha yake yalichukua mkondo mpya. Alikuwa na miaka 30. Mtunisha misuli wa jukwaani hawezi kukaa jukwaani milele, na Sandow aliliona hilo mapema kuliko wengi. Mwezi Julai alifungua taasisi ya mazoezi ya mwili katika nyumba namba 32, Mtaa wa St James's, eneo la vilabu vya mabwana wakubwa wa London. Haikuwa banda lenye harufu ya jasho. Ilikuwa na mazulia na mabafu, na kila mwanafunzi alipimwa, akachunguzwa, akaandikiwa programu yake mwenyewe. Arthur Conan Doyle, daktari na mtunzi wa hadithi za Sherlock Holmes, alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake.

Hapa Sandow aliacha kuwa mtu wa maonyesho, akawa mkufunzi binafsi kwa maana tunayoijua leo. Namna alivyojitangaza nayo ikabadilika. Kitabu chake cha mwaka huo, kilichohusu nguvu na jinsi ya kuzipata, kilikuwa na chati ya misuli, majedwali ya mazoezi kwa umri na jinsia, na kurasa nyingi za watu wengine kabisa: makarani, wanafunzi, watu wa kawaida, pamoja na picha zao na vipimo vyao vya mwanzo na vya baadaye. Kifua kilikuwa inchi ngapi, sasa ni inchi ngapi, baada ya miezi mingapi. Mwaka uliofuata alianzisha jarida lake, na barua za namna hiyo zikaendelea kumiminika. Aliyekaa mbali alituma umri wake na vipimo vyake kwa posta, na kurudishiwa mpango wa mazoezi. Wanaofundisha leo kwa njia ya simu wamefuata njia ambayo posta ya Uingereza ilikwisha kuipita.

Tunaomba msomaji anayeandika CV asimame hapa kidogo, kwa sababu kosa kubwa tunaloliona kwenye karatasi za wakufunzi liko hapa. Mkufunzi anajieleza yeye: anabeba kilo ngapi, amekimbia mbio gani, ana mashati mangapi ya mashindano. Anayeajiri hanunui mwili wa mkufunzi. Ananunua mabadiliko ya miili ya wateja wake, na zaidi ya hapo ananunua wateja wasioacha kulipa mwezi wa pili. Kwa hiyo mstari unaosema umewasaidia watu kupunguza uzito ni mstari mtupu. Sema uliwafundisha watu wangapi kwa wiki, wa rika gani, kwa muda gani, na wangapi walibaki. Kama kuna mzee aliyekuja hawezi kupanda ngazi na baada ya miezi minne akapanda ghorofa tatu, huyo ni wa kuandikwa kabla ya medali yako. Kama bado hujaajiriwa popote, wale majirani watano unaowafundisha uwanjani alfajiri ni kazi. Waandike, mradi ulikuwa na daftari la mahudhurio na vipimo. Bila daftari hutakuwa na cha kuandika, na ndiyo maana CV ya mkufunzi huanza kuandikwa siku ya kwanza anapomshikisha mtu dambeli.

Kuna jambo moja ambalo Sandow alilifanya bila kufikiri na leo halifai. Alichapisha picha za wanafunzi wakiwa karibu uchi, na majina yao chini. Wengi wao walizituma wenyewe wakijivunia. Leo picha ya mteja bila ruhusa yake ya maandishi inaweza kukufukuzisha kazi hata kabla hujaipata, maana anayeajiri atajiuliza utafanya nini na siri za wateja wake.

Ukumbi wa Royal Albert

Biashara ya Sandow ilikua wakati Uingereza ikiwa na wasiwasi. Vita vya Afrika Kusini vilipoanza mwaka 1899, vijana wengi wa mijini waliojitokeza kujiunga na jeshi walikataliwa kwa sababu ya afya mbovu. Miji ya viwanda, moshi, chakula duni na nyumba zilizobanana vilikuwa vimewamaliza. Taifa lenye himaya kubwa liligundua kuwa watu wake ni dhaifu, na Sandow alikuwa na dawa mkononi.

Tarehe 14 Septemba 1901 aliandaa mashindano katika Ukumbi wa Royal Albert, London, baada ya mchujo wa mikoani uliochukua miaka mitatu. Wanahistoria wa michezo huyahesabu kuwa mashindano makubwa ya kwanza ya utunishaji misuli. Waamuzi walikuwa watatu: mchongaji sanamu Sir Charles Lawes, Conan Doyle, na Sandow mwenyewe. Mshindi alikuwa William Murray wa Nottingham. Kilichotuvutia ni vigezo. Ukubwa wa misuli peke yake haukutosha. Waliangalia uwiano wa mwili, hali ya ngozi, ubora wa misuli na afya kwa jumla. Mwenye mikono minene na miguu ya mbuni hakuwa na bahati.

Mwaka huo huo jumba la makumbusho ya viumbe la London lilichukua umbo la mwili wake kwa plasta, liwe kielelezo cha mwanamume wa Ulaya aliyekamilika. Nyuma yake kulikuwa na fikra za kupanga binadamu kwa rangi zao, fikra zilizokuwa zimezagaa Ulaya wakati ule na zilizoliumiza bara hili vibaya. Sanamu hiyo haikukaa sana mbele ya umma. Iliondolewa.

Alipovuka mpaka

Miaka ya 1904 na 1905 alizunguka Afrika Kusini, India na nchi nyingine za Asia. India alipokewa kwa shangwe, na wanaochunguza historia ya yoga ya kisasa wanataja ziara yake miongoni mwa mambo yaliyochochea utamaduni wa mazoezi ya mwili nchini humo. Mwaka 1906 alipata uraia wa Uingereza.

Aliporudi alianza kuahidi makubwa zaidi. Kuanzia 1907 taasisi yake ilijitambulisha kama mahali pa tiba. Vilitolewa vijitabu vinavyoeleza jinsi mazoezi yanavyoondoa kukosa usingizi, matatizo ya tumbo, unene, magonjwa ya neva na mengineyo. Conan Doyle alimwandikia dibaji ya kitabu chake kipya. Baadhi ya mambo aliyoyasema yamethibitika: mazoezi hupunguza msongo, husaidia usingizi, huimarisha moyo. Lakini kusema mazoezi husaidia ni jambo moja, na kujitangaza kuwa unatibu ni jingine. Hakuwa daktari.

Mstari huu wengi bado wanauvuka, na wanauvuka kwenye CV. Anaandika kwamba anatibu mgongo, anaondoa kisukari, anarekebisha homoni. Anayeajiri akisoma hivyo haoni ujuzi, anaona kesi mahakamani. Kama umefundisha watu wenye kisukari, andika kwamba ulifanya kazi na wateja wenye kisukari kwa ushauri wa daktari wao, na kwamba unajua lini uwarudishe hospitali. Sentensi hiyo ya pili ina nguvu kuliko madai yote ya uponyaji.

Kuna jingine ambalo wapinzani wa Sandow walilisema akiwa hai. Mfumo aliowauzia watu ulikuwa wa dambeli nyepesi na marudio mengi, kiasi cha kufanyika chumbani asubuhi. Mwili wake yeye ulijengwa na vyuma vizito vya Attila. Mteja aliyenunua dambeli za springi akiitazama picha ya Sandow kwenye sanduku alikuwa akinunua matokeo ya njia nyingine. Tunadhani dambeli nyepesi zilimfaa karani wa London kuliko vyuma vya Attila, na huenda zilimwokoa mgongo. Lakini angepaswa kuambiwa.

Kakao na vita

Uteuzi wa mfalme mwaka 1911 ulikuwa kilele. Kuanzia hapo cheo hicho kilitangulia katika matangazo yake, juu kabisa, pale ambapo mwombaji kazi wa leo huweka mistari mitatu ya kujitambulisha. Sandow hakumchosha msomaji kwa kumfichia jambo kubwa kwenye ukurasa wa nne.

Tayari alikuwa amejiingiza kwenye vyakula. Kakao ya Sandow iliuzwa kama kinywaji cha afya na nguvu, ikishindana na makampuni makubwa yaliyokuwa yametangulia. Kisha mwaka 1914 vita vikaanza. Uraia wake wa miaka minane haukumsaidia sana. Kila chenye harufu ya Ujerumani kilitiliwa shaka Uingereza, na jina alilokuwa amelijenga kwa robo karne likageuka mzigo. Kampuni ya kakao ilifilisika na kuvunjwa mwaka 1916. Alipoteza sehemu kubwa ya mali yake. Hapakuwa na CV ambayo ingemwokoa na hilo, na tusijidanganye: wapo waombaji kazi leo wanaokataliwa kwa jina lao au wanakotoka kabla mstari wa pili haujasomwa.

Aliendelea kuandika na kufundisha, kwa kiwango kidogo. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1925, akiwa na miaka 58. Magazeti yalieleza kuwa alipasuka mshipa wa damu kichwani, na ikasimuliwa kuwa aliumia kwa kulinyanyua gari lililotumbukia mtaroni kwa mkono mmoja. Waandishi wa maisha yake hawaiamini sana habari ya gari. Hata kifo chake kilitiwa chumvi.

Alizikwa katika makaburi ya Putney Vale, London, na familia yake haikuweka jiwe. Yamesemwa mengi kuhusu ndoa yake na Blanche, mengine ya kuaminika na mengine ya umbea. Kaburi lilibaki bila alama kwa zaidi ya miaka 70. Wakati huo huo, tangu mwaka 1977, washindi wa shindano la Mr. Olympia, akiwemo Arnold Schwarzenegger aliporudi kulitwaa mwaka 1980, walikuwa wakipokea sanamu ndogo ya shaba yenye umbo lake. Mashabiki waliweka jiwe la kwanza mwaka 2002. Mwaka 2008 kitukuu chake alileta jiwe jingine, zito, la kimo kirefu. Limechongwa jina Sandow. Müller halimo.